Mwewe wa Boneti

Lori la kwanza la baba lilikuwa na mwewe wa chuma juu ya boneti, amesimama, mabawa juu. Ungeweza kumshika shingo. La pili, la kampuni ileile, lilikuja na mwewe aliyelaza mabawa nyuma, mwembamba kama kisu. La tatu lilibaki na picha yake tu, imegandamizwa kwenye bati la mviringo. Watengenezaji walisema mwewe wa kusimama angemchoma mtu akigongwa. Sababu nzuri, sikatai. Lori la mwisho lilikuwa na mistari miwili ya rangi ya fedha, na ukiambiwa hayo ni mabawa unakubali kwa heshima tu.

Baba hakukubali. Kila alipopata lori jipya alimhamisha mwewe wa kwanza, akamfunga kwa nati kwenye boneti mpya. Wafugaji wa njia ya Elwak humtambua ngamia kwa alama aliyochomwa ubavuni, na lori la baba walilitambua kwa mwewe wake. Mama naye, nyumbani kwetu Garissa kando ya barabara ya Dadaab, alimwona aking'aa kwa mbali, akabandika chai.

Mimi ni fundi wa magari. Boneti ya lori la mwisho ilikuwa ya plastiki ngumu, ikaanza kupasuka penye nati. Nikamwambia baba mwewe hakai hapo. Akasema nimpe rafiki yake, dereva mwenye lori kuukuu la kupeleka bidhaa Dagahaley.

"Mama yako usimwambie," akasema. "Nitamwambia mwenyewe nikirudi."

Akaenda Elwak. Mvua ilikata barabara, simu yake ikazimika, na hakurudi.

Siku kumi baadaye mama aliingia gerejini bila salamu, yeye ambaye salamu zake hazina mwisho.

"Hooyo," aliniita, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao, "baba yako amepita sasa hivi. Mwewe nimemwona kwa macho yangu. Hata hakusimama! Wallahi, ana mke Dagahaley."

Ningesema pale pale. Lakini alikuwa amekasirika, na mwanamke anayemkasirikia mumewe bado ana mume. Nilimhurumia, au nilijihurumia mwenyewe. Nikasema labda ana haraka.

Ami zangu walipotaka kwenda kumtafuta, mama aliwacheka. Wamtafute wa nini mtu anayepita hapa kila wiki? Mimi nilipiga simu Elwak kwa siri, nikaambiwa alishaondoka kurudi. Lori la mwewe lilipopita, mama alitoka langoni akalitukana. Mimi, niliyemfunga mwewe kwenye lori la yule rafiki na kukaza nati kwa mkono wangu, nilianza kuchungulia kiti cha dereva nikitumaini. Niliogopa, kwa sababu mara mbili nilimwona baba pale, na kofia yake.

Kisha alasiri moja, miezi mitano tangu baba aondoke, akaja mfugaji mzee na funguo na koti la baba. Alituambia mafuriko ya korongo yalilizoa lori, siku mbili tu baada ya baba kuondoka nyumbani. Yeye na wenzake walimkuta chini kabisa ya mkondo, wakamwosha, wakamswalia, wakamzika siku hiyohiyo. Tangu hapo alikuwa akiuliza kwenye kila kisima mwenye funguo hizo ni nani.

Mama hakulia. Alitoa sandukuni nguo nyeupe wanazovaa wajane wetu, akaagiza sheikh aitwe. Sheikh akauliza tarehe, akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu.

"Eda huhesabiwa tangu siku mume alipofariki," akasema polepole. "Miezi minne na siku kumi imeshapita, mama. Eda yako imekwisha."

Mama alimtazama kana kwamba hajasikia. Ndipo nikamweleza habari ya mwewe, mbele ya wote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile nilipokuja gerejini," akauliza, "ulijua si yeye?"

"Nilijua."

Alizikunja zile nguo nyeupe magotini, pindo juu ya pindo, akaninyooshea kiganja kitupu.

"Siku zangu za kumlilia baba yako," akasema. "Nirudishie."