Ubavu wa Mwisho wa Bawa la Kushoto

Majina ya wote waliokuwa uwanjani asubuhi ile ninayo kichwani, hata la mbwa. Siyaandiki, wenyewe bado wako hai.

Mimi nashona nguo Albert Park, kwenye fleti yangu. Shule niliacha darasa la tatu. Mzungu mmoja mzee alinifuata mpaka mlangoni, akanipeleka kwenye banda lake, upande wa Queensburgh. Ndani kulikuwa na ndege ya vita ya zamani, mbao na kitambaa tupu, mabawa mawili juu, mawili chini. Babu yake alirusha ya namna ile katika vita kuu ya kwanza, peke yake, bunduki mbele ya uso, parachuti hana. Sasa na yeye alitaka kuruka. Kazi yangu ilikuwa kushonea kitambaa kwenye mbavu za mabawa.

Alinionyesha: kila mshono na fundo lake, ili mmoja ukikatika mwingine ushike. Nikashona wiki tatu. Wasaidizi wake wakapaka dawa ya kukaza kitambaa, kikawa kama ngoma, mishono ikafunikwa.

Siku ya kuruka nilikaa na mjukuu wangu wa kike, anayeniita Koko, yaani bibi, pembeni ya uwanja. Injini ikaunguruma. Nikatazama vidole vyangu, nikakumbuka. Ubavu wa mwisho, bawa la kushoto la chini, siku ile niliyochoka! Niliushona kama blauzi, bila mafundo, maana kwenye nguo fundo linakwaruza mwili.

"Kamwambie asimame."

"Eish, Koko, watu wanapiga picha! Unataka tuchekwe?"

"Na akianguka watapiga picha gani? Kimbia!"

Akakimbia, anapunga kitambaa changu cha kichwa. Ndege ilikuwa imeshaanza kwenda. Ikampita. Mkia ukainuka, nikafumba macho. Kisha mlio ukapungua. Ilikuwa imesimama mwisho wa nyasi; mzee alikiona kitambaa.

Mzee akashuka, uso mwekundu. Nikamfikia, nikaweka kidole kwenye ubavu ule. "Hapa hakuna fundo." Mjukuu akatafsiri.

Akatoa kisu, akapasua bawa lake jipya mbele za watu. Akauvuta uzi. Ukatoka wote, kama ninavyofumua pindo la gauni.

"Mbavu nyingine?"

"Ni huu tu. Nyingine nazikumbuka, fundo kwa fundo."

"Jumatatu, basi. Na sindano."

Jumatatu alikaa ubavuni mwangu, akivuta kila fundo kabla sijafunga lingine. Sikukasirika. Na aliporuka, watu walimtazama yeye. Mimi nilitazama bawa la kushoto mpaka magurudumu yakagusa nyasi.