Koti Jekundu la Tonton Makasi

Pale mtaa wa Kabondo, Kisangani, mtu kiti cha pikipiki yake kikichanika, alielekezwa kwa Georgette. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Isangi, mwenye cherehani ya miguu na vidole vilivyokakamaa kwa kuvuta ngozi ya plastiki. Starehe yake ilikuwa moja. Kila Jumamosi mchana alivuka uwanja hadi kwa jirani yake Pélagie, wakatazama mchezo wa televisheni uliotengenezwa hapo hapo Kisangani, wa mjane anayeteswa na shemeji yake, Tonton Makasi.

Pélagie alikuwa akimtukana Makasi huku akicheka. Georgette alikula karanga. Mume wake Noël alipofariki, mdogo wa marehemu alikuja na wanaume watatu, wakang'oa mabati ya nyumba mvua ikinyesha. Alipowashika miguu, walimpiga kwa gongo mpaka sikio la kushoto likaacha kusikia. Hilo hakumsimulia mtu.

Vipindi vilipokatika kwa kukosa fedha, mtengenezaji wa mchezo, Carlos, aliwaomba watazamaji wamsaidie kumaliza. Mmoja alitoa mafuta ya jenereta, mwingine uwanja wake, mchoraji wa vibao akachora sura za waigizaji ukutani.

"Mi siko na feza," Georgette alimwambia, "lakini niko na mashini."

Akamshonea Makasi koti jekundu kwa mabaki ya viti vya pikipiki.

Siku ya kupiga picha, mwenye kuigiza Makasi alikuja mwenyewe kumshukuru. Aliitwa Gédéon, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa sauti ya chini. "Koti inanikala muzuri, mama. Merci sana." Georgette alimpenda papo hapo.

Carlos akawapanga majirani uwanjani wawe umati wa watu. "Mutapiga kelele tu. Hakuna mutu wa kumugusa."

Mchezo ukaanza. Gédéon alimkokota Jemima, aliyeigiza mjane, akapiga sufuria teke. Kisha wasaidizi wake wakatupa bati kutoka juu ya paa. Lilipogonga ardhi, mlio ule ulimwingia Georgette hata kwenye sikio lililokufa.

Mchi ulikuwa umeegemea ukuta. Hakukumbuka kuuchukua. Alimpiga Gédéon mdomoni, akasikia meno yakivunjika. Akampiga tena, shingoni, naye akaanguka kifudifudi. Umati ukadhani ndivyo ilivyopangwa, ukavuma. Ila nje ya ua walikuwapo wapita njia na waendesha toleka, baiskeli za kubeba abiria, ambao hawakujua kitu. Waliona mwanaume amemkokota mwanamke, na mama mtu mzima anampiga kwa uchungu. Wakaruka ua. Wakamshambulia Gédéon kwa mateke ya mbavu, kwa matofali, kwa pampu ya baiskeli. Carlos alipiga kelele wakamsukuma chini. Koti lilikuwa jekundu, na damu juu yake haikuonekana.

"Leta mafuta," mmoja akasema, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi.

Dumu la jenereta lilikuwa pale. Georgette alipoliona likipita juu ya vichwa, alizinduka. Akautupa mchi, akalala juu ya Gédéon na kumfunika kwa mwili wake. Wakampiga na yeye. Tofali lilivunja vidole vyake viwili. Mafuta yakamlowesha mgongo, ya baridi, yakimchoma kwenye michubuko.

"Anacheza tu," alikuwa akisema. "Ni mwalimu. Anacheza."

Jemima akaja akajitupa juu yao wote wawili, akitaja jina lake mwenyewe na la baba yake, kwamba yeye si mjane wa mtu. Pélagie alimrukia mwenye kiberiti, akamng'ata mkono. Hapo ndipo watu walipoiona kamera, na mmoja mmoja wakaanza kutazama mikono yao.

Siku ya tatu Georgette alikwenda hospitalini na mchuzi wa samaki. Gédéon hakuweza kutafuna.

"Ulikuwa unapiga nani?" alimwuliza kwa shida.

"Shemeji yangu. Alphonse."

"Yeye iko wapi?"

"Iko Opala. Analima."

"Na mimi niko hapa," alisema Gédéon. Mke wa mwalimu, Viviane, akamrudishia Georgette sufuria ikiwa bado imejaa. "Usirudi tena, mama."

Miezi ikapita. Carlos alimaliza mchezo, Makasi akageuzwa kuwa mgonjwa asiyesema. Jumapili moja walioutolea msaada wakaitwa ukumbi wa parokia kuutazama. Georgette aliketi nyuma. Kumbe Carlos aliliacha pigo lake la kwanza ndani ya mchezo. Mchi uliposhuka, ukumbi mzima ulipiga makofi, wengine wakasimama.

Georgette alitembea mpaka mbele, akazuia picha kwa mwili wake.

"Ile ni mimi," alisema. "Sikukuwa nacheza. Ule mutu hakunifanya kitu. Musinipigie makofi."

Makofi yakakatika. Gédéon alikuwa ameketi mstari wa mbele na Viviane, ambaye alitazama chini. Gédéon alimwinulia Georgette uso, akazungumza, pumzi ikimtoka penye meno yaliyokosekana.

"Kaa, mama. Watu walitoa vitu vyao. Wamalize kuangalia."

Georgette aliketi palipokuwa karibu, sakafuni, na mchezo ukaendelea.