Waya wa Kurudi wa Tela la Hamisi

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya Manyoni, Fundi Mkuu alinikabidhi testa, ile taa ndogo ya kupimia umeme, akanionyesha tela bovu. "Taa ya breki haiwaki. Utaanzia wapi?" Nikasema kwenye balbu. Lo! Alinitandika konzi, nikadhani nimefukuzwa kazi kabla ya chai.

"Umeme ukienda lazima urudi," alisema. "Waya wa kurudi ndio ethi. Kwenye tela kuukuu anza na ethi, balbu utaisingizia baadaye."

Nyie vijana mnaofungua magari huku mnatazama simu, sikilizeni. Tela likichoka linadanganya. Unakanyaga breki, inawaka indiketa, tena imefifia, kwa sababu umeme umekosa njia ya kurudi ukajipenyeza kwenye taa ya jirani. Wenzangu walibadilisha balbu mpaka zikaisha dukani. Mimi nilikwangua kutu kwenye soketi, pale waya za tela zinapochomekwa kwenye lori, nikafuata waya mmoja mmoja, sifa zangu zikafika mpaka Kilimatinde. Kusema kweli, kichwa kilivimba.

Baadaye nikaenda Singida mjini, kwa tajiri mmoja wa malori ya alizeti. Msimu wa mavuno dereva wetu Hamisi akaleta tela halina taa hata moja. Waya wa ethi ulikuwa umeoza wote, na stoo hakuna mwingine. Meneja wa Karakana akafoka, "Alizeti inasubiri Ilongero! Lifunge liondoke!" Basi nikafunga ethi kwenye fremu ya tela, umeme urudi kwenye lori kupitia chuma cha kiungo kinacholishika tela. Chuma kikigusa chuma, taa zinawaka. Nikajisemea ni ya muda tu, likirudi nitavuta waya. Likarudi, taa zinawaka, nikasahau. Jamani, nikasahau!

Miezi ikapita. Mchana mmoja, njia ya Ilongero vumbi tupu, Hamisi alikanyaga breki kupisha ng'ombe. Daudi, kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yake, hakuona taa yoyote. Aliingia chini ya tela, mguu ukavunjika mara mbili.

Hamisi akawekwa ndani kwa kuendesha gari bovu. Akaapa, "Asubuhi nilikagua taa zikawaka, ndipo nikapaka grisi kwenye kiungo!" Nani amsikilize? Mkaguzi wa Magari akaniita mimi, fundi mwenye jina, nipime.

Nilikwenda nikimlaani Hamisi njia nzima. Nikaweka testa: umeme unakuja, haurudi. Nikaufuata waya chini ya fremu mpaka kwenye fundo lake, limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mji mzima fundi anayefunga hivyo ni mimi peke yangu. Mama yangu! Nikakaa chini palepale kwenye mchanga. Ile grisi ya Hamisi, ya kulitunza tela lake, ndiyo iliyotenganisha chuma na chuma.

"Umeona nini, Fundi?" Mkaguzi aliuliza.

Ningeweza kusema balbu, naye angeandika balbu.

"Kosa ni langu," nikasema. Nilishtuka kuisikia sauti yangu.

"Unajua unachosema, mzee?"

"Najua. Mwachieni Hamisi."

Wakamwachia. Mimi nikaandikishwa maelezo, na tajiri akanistaafisha wiki hiyohiyo. Miaka yote ile ya kazi, nikatoka na testa mfukoni na aibu usoni.

Sasa hapa nyumbani nafuga kuku. Juzi asubuhi nikasikia ngurumo, tela lilelile likaingia uani. Hamisi akashuka. "Shikamoo, Fundi. Waya nimeleta. Nataka uuvute wewe." Nikaupokea waya, nikaingia ndani kuchukua testa.

Nikavuta ethi mpya kutoka soketini mpaka taa ya mwisho. Nilipomaliza nikasema anahitajika mtu wa kusimama nyuma aangalie taa. Mlango wa pili wa lori ukafunguliwa, akashuka Daudi na fimbo yake.

"Mimi ndiye niliyezikosa," alisema, "acha niziangalie mimi."

Akachechemea mpaka nyuma ya tela. Hamisi akakanyaga breki.

"Zinawaka, mzee!"

"Kanyaga tena," nikamwambia Hamisi, machozi yananitoka. "Kanyaga tena."