Malaika wa Foleni ya Mpemba

Wanamwita Bosi wa Teknolojia, naye huitika kabla hujamaliza kuita. Kila asubuhi hufika kwenye foleni ya malori yaendayo mpakani, pale Mpemba, miwani ya jua utosini hata kukiwa na ukungu, na kabla ya kusalimia huipangusa kwanza simu yake kwa pindo la shati. Ketrina, anayetembeza chai kutoka lori la kwanza hadi la mwisho, hamtazami usoni. Hutazama vile vidole laini visivyowahi kushika sufuria ya moto.

"Dada yangu, leo foleni ikoje?"

"Imefika kanisani. Haisogei mpaka saa nane."

Vidole vinabofya. Kisha anawageukia vijana wa bodaboda na kuwahubiria: alianza na kava za simu, leo ana programu yake ya foleni, na mwenye wazo zuri atampa mtaji, maana yeye ni mwekezaji malaika. Ketrina ni mwanakwaya. Malaika anaowajua yeye huleta habari, hawaji kuziokota kwenye chupa ya chai.

Siku moja dereva alimwonyesha simu, macho yamemtoka. "Mama, hii programu kiboko! Inasema foleni imefika kanisani, haisogei mpaka saa nane."

Ketrina alimmiminia chai. Wiki iliyofuata alikwenda msibani Vwawa siku mbili. Siku zote mbili programu ilikaa kimya, na Bosi akapita lori hadi lori, kwa sauti ile ile ya mahubiri, akiwatangazia madereva kwamba mitambo inaboreshwa.