Kamba ya Wananchi

Watu waliotaka kuniokoa siku ile walikuwa wakiimba. Walivuta kwa nguvu zao zote, jasho likawatoka, wengine wakalia.

Na kila walipovuta, mimi nilizidi kufa.

Ngoja niwaeleze.

Naitwa Bedan, wa Makongeni, Thika. Mimi ni mzee sasa, na haya nayaandika kwa simu yangu mwenyewe bila kumwita mjukuu. Niliacha shule nikiwa mdogo, nikarudi darasani nikiwa na ndevu, jioni, baada ya kazi ya kiwandani. Wenye kucheka gumbaru, shule ya watu wazima, na wacheke. Mimi nilisoma.

Mwaka ni 1996. Upande wa Theta kulikuwa na kwari iliyoachwa. Wachimba mawe waligonga chemchemi, maji yakajaa, wakakimbia, wakaacha hata lori lao bovu humo ndani.

Msichana wa jirani alizama pale akifua nguo. Tulikaa ukingoni siku mbili tukingoja wapiga mbizi kutoka Mombasa. Mama yake alikaa nasi, haongei, amekumbatia beseni la nguo ambazo hazijafuliwa.

Niliapa sitakaa hivyo tena.

Ndipo nikamtafuta Omar. Huyu alizaliwa Majengo, hapa hapa Thika, akafanya kazi ya kupiga mbizi bandarini miaka mingi, kisha akarudi nyumbani na mitungi ya hewa na suti ya mpira, vyote vimechakaa. Alisema atafundisha yeyote mwenye moyo.

Tulijitokeza wengi. Siku alipofunika miwani yetu ya maji kwa karatasi nyeusi na kutuambia tuingie tukiwa vipofu, tukabaki wawili.

Mimi na Zacharia. Zacharia ni kaka ya mke wangu, Wakonyo. Fundi wa baiskeli, na mdomo wake haujui breki.

"Muthoni," aliniambia, maana hivyo ndivyo sisi shemeji tunavyoitana, "wewe uliyesoma, shuka. Mimi nitashika kamba. Ukifa, Wakonyo atanila mbichi."

Omar hakucheka.

"Huko chini hakuna macho wala mdomo," alisema. "Kuna kamba tu. Ukivuta mara moja, uko salama. Mara mbili, legeza. Mara nne, nitoe. Na wewe mshika kamba, usijitie kufikiri. Sikiliza kwa mkono, fanya ulichoambiwa."

Kisu tulikuwa nacho kimoja. Akampa Zacharia.

"Si mimi ndiye ninayeshuka?" nikauliza.

"Ndiyo maana. Mtu akiogopa gizani hukata asichotaka kukata. Bandarini nilimwona mmoja akikata mpira wake wa hewa."



Mtihani ukafika, Jumapili, watu wakiwa makanisani. Omar alijaza gunia mchanga, akalivika koti langu kuukuu, akalifunga kamba shingoni na kiunoni hadi likafanana na mtu. Akalibeba begani hadi juu ya mwamba, akalitupa majini.

"Huyo ndiye amezama," akasema. "Mlete."

Nikaingia, kamba imefungwa kifuani, ncha ya pili mkononi mwa Zacharia.

Hatukujua kwamba ng'ambo ya kwari kulikuwa na mama mmoja, Magdalene, anachunga mbuzi. Kutoka kule aliona jambo moja tu: mwanamume amembeba mwenzake aliyevaa koti, na amemtupa majini.

Akapiga nduru.

Na kwetu nduru haiulizwi maswali. Ukiisikia unaacha sahani, unakimbia.

Mimi sikusikia kitu. Maji ya kwari juu ni kama chai ya rangi, chini ni kama lami. Nilipapasa matope mpaka nikagusa chuma. Lori. Nikanyoosha mkono chini ya chasisi, nikagusa koti langu upande wa pili.

Ningezunguka. Lakini nilikuwa nimelishika tayari, kwa hiyo nikapita chini ya chuma. Nikalifunga gunia kiunoni, nikageuka, nikavuta kamba mara mbili. Legeza, nirudi nilikopitia.

Kamba ikakaza.

Nikadhani Zacharia amekosea. Nikavuta tena mara mbili, polepole, kama mwalimu anayerudia somo.

Ikakaza zaidi. Ilipita chini ya kile chuma kisha ikapanda juu, kwa hiyo kunivuta kulikuwa kunibana kwenye tumbo la lori. Kifua kikagota. Mkono mmoja ukabanwa pamoja nacho. Kwa ule mwingine nilitafuta fundo, nikalikuta limekazwa kama msumari.

Ukiwa na kipumulio mdomoni huwezi kupiga mayowe. Ukipiga mayowe unakiachia, na ukikiachia umekwisha. Kwa hiyo nilinyamaza, nikisikiliza mapovu yangu yakigonga chuma juu ya uso.

Mara mbili. Legeza.

Wakavuta.

Mara mbili. Tafadhali.

Wakavuta.

Kisha nikagundua kitu kilichonitia baridi kuliko maji. Kamba ilikuwa na mdundo. Vuta, pumzika. Vuta, pumzika. Kama wimbo. Na Zacharia, mtu mwembamba kama spoku, hakuwa na nguvu ile.

Nani amenishika?

Ya huko juu nilisimuliwa baadaye. Waumini walitoka kanisani mbio, vijana wakatoka mpirani. Wawili wenye miili mikubwa walimwangusha Omar wakamkalia. "Huyu ndiye muuaji!" Wengine wakakamata kamba.

"Acheni!" Zacharia alipiga kelele. "Ni mazoezi! Ni gunia!"

Wakati huo huo kamba ikatikisika.

"Gunia linavuta kamba?" Magdalene akauliza. "Uuui, yuko hai! Harambee!"

"Harambee!" wakaitikia wote.

Na kadiri nilivyoomba walegeze, ndivyo walivyojua niko hai, na ndivyo walivyovuta.

Hewa ikaanza kuwa nzito. Unainyonya kama uji kwa mrija. Nilimfikiria Wakonyo. Nilifikiria kwamba nitatolewa hapa nikiwa nimefungwa na koti langu mwenyewe, na watu watashindwa kujua yupi ni maiti.

Kisha kamba ikafa.

Haikulegea. Ilikufa, ikaniangukia kifuani kama nyoka. Wazo langu la kwanza, na nalisema kama lilivyokuja: shemeji ameniacha.

Wazo la pili lilikuja kifua kilipopanuka. Nilikuwa huru.

Nilijisukuma kutoka chini ya chuma, nikapanda huku nikitoa pumzi, nikijizuia nisiyapite mapovu, jinsi Omar alivyofundisha. Nikatokea kwenye matete, upande wa njia ya mbuzi. Nikalala hapo nikimeza upepo.

Nikasikia ngumi.

"Ameua muthoni wake! Nimemwona kwa macho yangu akikata!"

"Achomwe huyo!"

Zacharia alikuwa chini. Walikuwa wanamfunga mikono kwa kamba ile ile, na kijana mmoja alishakwenda kutafuta tairi.

Nilisahau uchovu. Nilipanda ule ukingo na mtungi mgongoni na gunia begani, nikapaza sauti iliyobaki:

"Mwacheni!"

Wakageuka. Wakaona mtu mweusi wa mpira kichwa hadi miguu, bomba likining'inia kifuani, amebeba maiti yenye koti.

Sikuwahi kuona kwari ikibaki tupu upesi namna ile. Viatu vilibaki. Tarumbeta ya kanisa ilibaki.

Magdalene peke yake hakukimbia. Alikuja, akalidunga gunia kwa fimbo yake ya mbuzi. Mchanga ukamwagika.

"Huyu ni mchanga," akasema.

"Mama," Omar akajibu, akijipangusa vumbi, "hivyo ndivyo nimekuwa nikisema tangu mnikalie."

Nilipiga magoti kando ya Zacharia. Jicho moja lilikuwa limefungana, mdomo umepasuka.

"Kwa nini ulikata? Ulijua watakuua."

Alitema damu, akanitazama kwa jicho lililobaki.

"Si ulivuta mara mbili, muthoni? Ukasema nilegeze." Akavuta pumzi. "Nimelegeza."

Tangu siku hiyo, kila tulipoitwa kuokoa mtu, kabla hatujaingia majini, Omar alikuwa anatoa kamba mbili. Moja ya Zacharia. Nyingine, ndefu na nene, anaifunga kwenye jiwe huko chini, halafu anawapa watu waliokusanyika. Tuliiita kamba ya wananchi.

Mvua kubwa za mwishoni mwa 1997, mtu alisombwa na mto Ruiru, akanasa kwenye mizizi. Magdalene alifika akaongoza umati kuvuta jiwe, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Zacharia akakaa kando, kimya, mkono kwenye kamba yangu. Mtu yule tulimtoa akiwa hai.

Jioni nilimfuata Magdalene kumshukuru, nikiona haya kidogo.

"Ile kamba yetu," aliniuliza, "mmeifunga jiwe, sivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Jiwe halitikisi kamba."

"Sasa mbona uliimba hivyo?"

"Mama yake yule aliyesombwa alikuwa hapo, Bedan. Ungetaka nimwambie akae tu?"

Nikalikumbuka lile beseni.

Basi nyinyi mnaosoma, ukimwona mwenzako amezama, iwe ni maji, pombe au mawazo, usikimbilie kuvuta. Shika kamba yake kwanza, utulie, usikie anakuomba nini. Huenda anakuomba ulegeze.