Mbuzi Aliyepungua Mguu Mmoja Mmoja

Jumapili, tarehe kumi na mbili, mwezi wa nne. Mvua ilianza alfajiri, ikatulia watu walipotoka kanisani, kisha ikarudi kana kwamba ilisahau kitu. Saa nane mchana shemeji yangu alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu hapa Gitega, suruali imejaa matope hadi magotini, mkononi kidumu cha pombe ya ndizi. Alikuwa ametoka Muyinga bila kuitwa. Kabla hata ya kukaa akagonga mfuko wa shati lake, nikasikia chuma.

Ni ufunguo. Nieleze ulivyofika huko, ingawa sina hakika kama naeleza au najitetea.

Mimi nauza viatu vya mtumba. Kila baada ya wiki mbili naenda Muyinga kufuata mzigo, na Jumamosi mchana, mzigo ukishafungwa, tunacheza poka nyuma ya duka la cherehani la huyo shemeji. Ni kaka wa mke wangu. Mimi na mke wangu tulikulia Tanzania. Shemeji alibaki huku na bibi yao, ndiyo maana Kiswahili chake na chetu havifanani. Poka yenyewe si ngumu. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, tano zinawekwa mezani za wote, na katikati watu wanaongeza pesa kufuatana na ujasiri au ujinga wao. Kwangu mimi bado sijajua ni kipi kati ya hivyo viwili.

Kwenye simu nilimsikiliza bwana mmoja akieleza kwa Kifaransa kwamba mchezaji wa kweli hutenga mtaji wa karata, hauchanganyi na wa chakula, na kila siku hupeleka mezani sehemu ndogo tu. Mkosi ukimwandama, asiongeze dau ili kurudisha alichopoteza, atulie. Alisema hayo amekaa kwenye kiti cha ngozi. Nadhani alisema kweli. Kifaransa changu ni cha kuokota sokoni, kwa hiyo inawezekana alisema kinyume.

Nikamweleza mke wangu. Yeye ni mweka hazina wa kikundi cha akiba cha akina mama, na kwake jambo la pesa lina njia moja: sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mwenye mali hashiki hata mmoja. Tukaweka ndani mtaji wangu wa karata, ambao ulikuwa sawa na bei ya mbuzi jike mmoja. Masharti yalikuwa yake. Kila mwezi nafunguliwa mara moja, nachukua fungu dogo. Mavuno ya maharage yakifika, kilichobaki kinanunua mbuzi, kwa sababu shamba lake la Makebuko linataka samadi. Kikizidi bei ya mbuzi, ziada ni yangu. Kikiisha, hakuna mbuzi, na karata nisizishike tena maisha yangu.

Ufunguo wa kwanza alishika yeye. Wa pili alipewa jirani yetu Mwislamu, muuza vitenge, mtu asiye na haraka. Nilimuuliza kama dini yake inamruhusu.

"Kamari ni haramu, jirani," alinijibu. "Ufunguo ni chuma tu."

Wa tatu alipewa mama muuza mkaa, mwenzake mke wangu kwenye kikundi.

Kisha mkosi ukanikuta. Nilipoteza mara nne mfululizo. Siku moja nilikuwa na wafalme wawili mkononi na wa tatu mezani, nikasukuma fungu lote; karata ya mwisho ikashuka, na shemeji akawa amepata tano zinazofuatana, ambazo hushinda wafalme watatu. Nataka kuwa mkweli: sikuwahi kumwona akiiba. Nilimwangalia sana, na mikono yake ilikuwa juu ya meza muda wote. Yawezekana nilicheza vizuri nikakosa bahati. Yawezekana pia nilicheza vibaya na bahati ndiyo iliyonichelewesha kufilisika.

Nikirudi nyumbani, mke wangu hakuniuliza nimepoteza kiasi gani. Aliuliza, "Mbuzi amebaki na nini?"

Mara ya kwanza nilimjibu kwamba bado ana miguu mitatu na afya njema. Hadi mara ya nne alikuwa amebaki nusu ya mbele: kichwa, shingo na miguu miwili. Mguu mmoja wa nyuma ulichukuliwa na fundi wa pikipiki anayecheza nasi, mwingine na shemeji pamoja na kiuno chote. Mkia sikumbuki ulikwenda wapi.

Mwezi huo nilikuwa nimeomba sanduku lifunguliwe mara ya pili, kwa sauti ambayo muuza mkaa aliisikia kutoka kwake. Niliona haya. Hapo nikapata wazo, na lilikuwa langu mwenyewe, sitamsingizia mtu: sanduku lisifunguliwe tena mpaka mavuno, na ufunguo wa tatu uende mbali. Sanduku likae Gitega, ufunguo ukae Muyinga, katikati Karuzi na milima yake. Hasira ya karata haiwezi kusafiri njia yote hiyo bila kupoa. Na Muyinga mtu ninayemwamini ni mmoja.

Wote walikubali. Jirani alikohoa kidogo. Mimi nililala usingizi mzuri, mtu aliyemkabidhi ufunguo wa mtaji wake yule yule anayemla kwenye karata.

Tangu hapo nimekwenda Muyinga mara mbili, nikafunga mzigo, nikarudi bila kugusa karata. Sikuwa na fungu. Watu wangeita nidhamu. Mimi niliita kukosa pesa.

Basi leo shemeji alikaa, akapangusa matope, akatoa ufunguo na kuuweka mezani kama mtu aliyeleta dawa.

"Shemeji, meza iko baridi," alisema. "Tuko watatu tu, tunakulana sisi kwa sisi, haina utamu. Mi niko na ufunguo, we uko na sanduku. Shida iko wapi?"

Nilimwambia shida ni mavuno, hayajafika.

"Maharage imeshatoa maua. Na mkosi yako nayo imechoka. Imekufuata mara nne, ya tano itatoka wapi?"

Lazima niandike kwamba maneno hayo niliyaona yana hekima nyingi. Bwana wa kiti cha ngozi alisema kinyume, lakini yeye alikuwa mbali, na shemeji alikuwa karibu na kidumu.

Mke wangu alikuwa mlangoni muda wote. Hakubisha. Alituma jirani aitwe, akasema kwa kuwa funguo zote tatu ziko chini ya paa moja, kikao ni halali. Akakifungua kwa sala kama cha kikundi. Simu ya shemeji ikalia katikati ya sala. Akatozwa faini, akalipa akicheka. Kisha mke wangu akauliza nani anakubali sanduku lifunguliwe. Mikono mitatu ikapanda. Nilifurahi.

Furaha hiyo ilidumu mpaka kufuli ya tatu. Mke wangu alihesabu nusu ya mbele ya mbuzi, akasema jambo la pili ni matumizi, na yeye anapendekeza mbuzi anunuliwe leo kabla hajapungua zaidi. Jirani akainua mkono. Wakawa wawili kwa mmoja. Mimi sikuulizwa, sina ufunguo.

"Lakini haitoshi, dada," shemeji akasema. "Hiyo ni nusu."

"Nusu nyingine si iko kwako?" jirani akauliza, pole kabisa.

"Mguu moja mi sikukula. Iko kwa fundi wa moto. Muulize bwana yako."

Wakanigeukia. Nikasema ni kweli, mguu wa kushoto aliuchukua fundi wa pikipiki. Mke wangu aliniangalia kwa namna ambayo bado naifikiria.

"Basi utamdai wewe huyo fundi, kaka," alisema. "Mnacheza naye kila Jumamosi."

Mbele ya dada yake, shemeji alitoa pesa alizokuja nazo kuchezea, akamalizia miguu yote miwili, kiuno na mkia. Mbuzi alikuwa tayari amefungwa nyuma ya jiko letu, wa yule muuza mkaa. Sina ushahidi kwamba mambo yalipangwa kabla, na nisichokiona siandiki. Naandika tu kwamba mvua ilikuwa ikinyesha, na mbuzi alikuwa mkavu.

Shemeji hakukaa na huzuni muda mrefu. "Bon," alisema, "nusu ni yangu, donc mi nakuragiza." Kuragiza ni utaratibu wa huku: mwenye mnyama anamkabidhi mwingine amlishe, na mtoto wa kwanza anakwenda kwa mwenye mnyama. Jirani akaona ni haki. Nami nikaona ni haki, ingawa nilikuwa nimepoteza tena, safari hii bila hata karata.

Kumbe zilikuwepo. Mke wangu alipokwenda jikoni, shemeji alizitoa mfukoni, akanigawia mbili.

"Mkono moja tu, shemeji. Tunachezea huyo mtoto wa kwanza."

Nilizifunua kidogo. Wafalme wawili. Vidole vyangu vilipata joto. Nikazilaza kifudifudi, nikamwambia mtoto hajazaliwa, nikamrudishia. Sijui kama hiyo ndiyo nidhamu. Mke wangu alikuwa amesharudi mlangoni na mwiko.

Sanduku sasa halina kitu. Kufuli moja tumeifunga kwenye banda la mbuzi, na ufunguo wake sikupewa.

Jioni tulikula bugali wa muhogo, maharage na lengalenga, mchicha wa huku. Shemeji aliuliza nyama iko wapi, akaonyeshwa dirisha, akaongezewa maharage mara mbili. Mbuzi alikula maganda ya ndizi.