Ijumaa Isiyo na Zamu

Kuna Ijumaa moja ninayoikumbuka kama ya juzi, mwanangu, na kwa kuwa wanao wanatua wiki hii kuja likizo, acha nikusimulie kabla hujaenda kuwapokea. Keti basi, chai bado ni moto.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kutembea kifua mbele, mlinzi katika jumba moja la maduka hapa hapa Doha. Mke wangu alikuwa muuguzi. Binti yetu Neema tulikuwa tumemwacha Kakamega kwa nyanyake tangu akiwa wa kubebwa, na tulipomleta likizo ya Desemba alikuwa na miaka sita. Mimi alinijua kwa simu tu. Nikiingia nyumbani, pale Fereej Bin Mahmoud, anajificha nyuma ya mamake, kisha ananiamkia kama mgeni. Iliniuma, wacha nikuambie. Likizo ilikuwa inayoyoma, na niliogopa atarudi kwa nyanyake bila kunizoea.

Ijumaa hiyo mamake alikuwa zamu, mimi sikuwa. Tulipotoka kanisani Mesaimeer, maana huku ibada kubwa ni Ijumaa, nikampeleka Neema kwenye bustani ya sanamu, zile kubwa zilizosimamishwa nje kwenye nyasi. Kulikuwa na kibaridi kizuri, familia zimetandika mikeka, watoto wanakimbizana. Nikajisemea, leo lazima tuelewane.

Basi si nikaanza! Neema akimsogelea farasi wa shaba: "Usiguse!" Akitaka kuzunguka nguzo za chuma: "Rudi huku!" Akikanyaga ukingo: "Shuka!" Mikono nimeiweka nyuma, miguu nimeitanua, vile vile ninavyosimama mlangoni kazini, na wala sijitambui. Mtoto akanywea. Baadaye akaniangalia kwa adabu zake zote, akauliza, "Baba, kwani hapa ndipo unapofanya kazi?"

Mlinzi wa bustani, mzee mmoja Mganda mwenye mvi, alikuwa karibu na alisikia yote. Alicheka hadi akashika kiuno.

"Bwana, unaninyang'anya kazi," akaniambia. "Hapa mlinzi ni mimi. Haka katoto kanataka baba. Lile jiwe lenye tundu waliliweka watoto wapande. Nendeni mpande."

"Hata mimi?"

"Kwani wewe umekatazwa na nani?"

Aibu ilinishika, lakini nilivua koti na kumfuata Neema tunduni. Yeye akapita. Mimi nikakwama mabegani. Nilikwama kweli, mwanangu, na suruali yangu ya kanisani, watu wazima wakipita wananitazama! Neema akaangua kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia hata kwa simu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akavuta. "Baba, inama! Baba, toa pumzi!" Nilipochomoka hakuniachilia. Tukazirudia sanamu zote, tunagusa zile mzee alizoturuhusu kugusa, ananiuliza nani alizitengeneza na yule farasi anakula nini, na mimi nasema sijui, tunacheka. Nilirudi nyumbani nimechafuka magoti, na nilikuwa na furaha, wee!

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Wapeleke wanao kwenye bustani hiyo, na kazi yako uiache getini. Kama kuna cha kukatazwa, yuko mtu anayelipwa kukataza. Wewe wafuate wanakoelekea. Usiwapange kwa picha kama maharusi. Waulize wanaona nini, na hata wakikuambia chuma kile ni ng'ombe wa nyanya yao, kubali ni ng'ombe, uulize jina lake. Na wakikuita upande, panda, hata kama unajua utakwama.

Haya, Mungu awafikishe salama. Awape wao miguu ya kukimbia, na wewe akupe pumzi ya kuwafuata. Na siku ya kuwasindikiza uwanja wa ndege, wakung'ang'anie shingoni na kulia, kama Neema alivyonililia mimi.